Kwa Nini Gitaa Linalokubali G Hukataa C

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imeshaingia kwenye mifupa, kijana wa kwaya yetu alinifuata nje baada ya mazoezi, gitaa mgongoni.

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie. Nadhani mimi sina sikio."

"Marahaba. Kaa hapa, nipigie nisikie."

Akapiga kodi ya G, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Ilikuwa tamu, imetulia kama maji ya mtungini. Akahamia C, ikagoma. Akahamia D, ikagoma zaidi.

"Umeona? Nikiirekebisha C, G inaharibika. Nikirudi kuitengeneza G, C inakataa. Hii wiki ya pili."

Nikamuuliza ametyuni kwa kutumia nini. Akasema kwa masikio tu: umeme ulikatika, simu ikaisha chaji, akaona bora ajifunze kama wazee walivyokuwa wakifanya. Alikaza na kulegeza nyuzi mpaka G ikakubali, akajua kazi imekwisha.

Nilimwambia jambo ambalo natamani mimi ningeambiwa nilipoanza. Sikio lake halikuwa na kosa hata kidogo. Ile G yake ilikuwa tamu kuliko G ya gitaa lililotyuniwa na simu, na si kwamba alibahatisha. Sikio lake lilimwongoza sawasawa hadi pale linapopenda kufika. Ila gitaa lina deni ndani yake, na yeye alikuwa ameifuta sehemu ya G, akawaachia C na D walipe. Deni hilo ndilo nataka kulifungua hapa, kwa sababu nimeona vijana wengi wakiacha kutyuni kwa sikio, wengine wakiacha gitaa kabisa, wakiamini wamezaliwa na upungufu.

Tuanze na nyuzi zenyewe. Ukihesabu kutoka uzi mnene, yaani wa sita, kwenda mwembamba, yaani wa kwanza, ni E, A, D, G, B, E. Uzi wa sita ukipigwa wazi hutetema mara 82.4 kwa sekunde, wa tano mara 110, wa nne 146.8, wa tatu 196, wa pili 246.9, na wa kwanza 329.6. Huhitaji kuzikariri namba hizo. Sisi wa nyanda za juu kusini tuna njia iliyo karibu zaidi, maana wengi wetu gitaa tulilikuta kanisani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kizazi baada ya kizazi kwaya za huku zimefundishwa d, r, m, f, s zikiandikwa ubaoni. Basi imba do kwenye uzi wa sita: uzi wa tano ni fa yake. Ufanye wa tano uwe do, wa nne ni fa. Wa nne kwa wa tatu, tena do na fa. Wa tatu kwa wa pili, hapo peke yake, inakuwa do na mi. Wa pili kwa wa kwanza inarudi do na fa. Ile hatua moja fupi imewekwa kwa faida ya mkono: kama zote zingekuwa do na fa, uzi wa kwanza ungekuwa F badala ya E, na kodi nyingi za kawaida zingetaka vidole ambavyo hatuna. Kumbuka hatua hiyo ya G kwenda B. Mgogoro wote unalala hapo.

Mwanakwaya anaweza kulifikisha gitaa karibu na mahali pake kwa kuimba tu. Tatizo ni ile robo ya mwisho ya safari, pale nyuzi mbili zinapokaribiana na mtu anaanza kujiuliza, "Huu uko juu au uko chini?" Swali hilo ndilo linalowachosha watu. Ukifika karibu hivyo, acha kuuliza ipi iko juu. Sikiliza kitu kingine.

Ukiwahi kusimama kijijini karibu na mashine mbili za kusaga zinazotumia dizeli, zinazozunguka kwa kasi inayokaribiana, umeshakisikia. Mngurumo unavimba halafu unanywea, unavimba, unanywea: wuuu, wuuu, wuuu. Hakuna mashine inayofanya hivyo ikiwa peke yake. Kuna wakati zote mbili zinasukuma hewa kwa pamoja, sauti inajaa. Kuna wakati moja inasukuma huku nyingine inavuta, sauti inapungua. Nyuzi mbili za gitaa hufanya vilevile. Mmoja ukitetema mara 110 na mwingine mara 112, sauti itapwita mara 2 kwa sekunde. Ukiusogeza ule wa pili mpaka 110.5, mpwito mmoja utachukua sekunde 2 nzima. Zikilingana, mpwito unatoweka na nyuzi mbili zinakuwa kama moja.

Uzuri wa mipwito ni kwamba inahesabika. Mtu anayeshindwa kusema ni sauti gani iko juu anaweza kusema kitu kinapwita haraka au polepole, kama anavyojua mapigo ya moyo wake. Ndiyo maana siamini kwamba kutyuni kwa sikio ni karama ya wachache. Mpwito wenyewe hausemi uelekee wapi, kweli, lakini geuza ufunguo kidogo: ukizidi kasi, umepotea njia, rudi. Na siku zote malizia kwa kukaza. Ukipitiliza juu, legeza mpaka chini ya pale unapotaka, kisha panda. Ukimalizia kwa kulegeza, meno ya ufunguo hubaki na nafasi, na uzi utateleza katikati ya wimbo.

Sasa turudi kwenye deni.

Mlio wa uzi mmoja una milio mingine midogo ndani yake: wa mara 2, wa mara 3, wa mara 4, wa mara 5 na kuendelea. Do na fa zinapokaa vizuri kabisa, mlio wa mara 4 wa uzi wa chini hukutana sawasawa na mlio wa mara 3 wa uzi wa juu, na hakuna kinachopwita. Uwiano wake ni 4 kwa 3. Do na mi zikikaa vizuri, uwiano ni 5 kwa 4. Sikio la binadamu linapenda sana makutano haya. Kwaya nzuri isiyo na kinanda huyafuata yenyewe bila kuambiwa.

Basi tuseme wewe ni mwaminifu kabisa. Unaanza na uzi wa sita, 82.4, na kila jozi unaityuni mpaka mpwito ufe kabisa. Wa tano utafika 109.9. Wa nne, 146.5. Wa tatu, 195.3. Wa pili, kwa ile do na mi, 244.2. Wa kwanza, 325.6. Umemaliza. Lakini wa kwanza na wa sita zote ni E, zikiwa zimeachana oktava mbili. Oktava ni kutoka do hadi do ya juu yake, mara 2, na oktava mbili maana yake ni mara 4 kamili. Mara 4 ya 82.4 ni 329.6. Umepungukiwa na mitetemo 4. Piga nyuzi hizo mbili kwa pamoja, utasikia mipwito minne kila sekunde, na hakuna hatua hata moja uliyokosea.

Fanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi, inafaa uione kwa macho. Zidisha 4/3 mara nne, kisha zidisha kwa 5/4. Jibu ni 320/81. Ili lifike 4, lingepaswa kuwa 324/81. Limepelea, na litapelea daima, Mbeya, Iringa au popote, kwenye gitaa la bei yoyote. Wanamuziki wakigawa nafasi kati ya freti moja, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na inayofuata katika senti 100, upungufu huu ni senti 21.5, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya freti. Hilo ndilo deni. Haliwezi kufutika. Linaweza tu kugawanywa.

Namna ya kuligawa iliyoshinda duniani ni kuikata oktava katika hatua 12 zinazolingana, kila moja ikizidisha mitetemo kwa 1.0595 hivi. Mwanamfalme wa China, Zhu Zaiyu, alikwisha kuipigia hesabu kwa usahihi mkubwa mwaka 1584. Na hapa ndipo mtu anaelewa kwa nini uzi wa pili una sifa ya ukorofi kila mahali. Katika mgawanyo huo, kila jozi ya do na fa inanyooshwa kwa senti 2 tu. Jozi nne, jumla senti 8. Jozi ya do na mi, G na B, inanyooshwa kwa senti 14 karibu. Ni kama mchango wa msiba ambapo kaya nne zinatoa mbilimbili na kaya moja inatoa kumi na nne. Haikupangwa kwa chuki. Ukishaamua hatua zote zilingane, mzigo unaangukia hapo wenyewe.

Kwa hiyo kwenye gitaa lililotyuniwa sawasawa, E na A za chini hupwita mara moja kila sekunde karibu 3, polepole kiasi kwamba huwezi kuiita kero. A na D, mara moja kila sekunde 2. D na G, kila sekunde moja na nusu. B na E, mara moja kwa sekunde. G na B? Karibu mara 8 kwa sekunde. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Rudi sasa kwa kijana wangu. Kwenye kodi ya G aliyoipiga, uzi wa pili unaachwa wazi, na B ni mi ya G. Sikio lake likasikia mipwito minane, likaichukia, na lilikuwa na haki ya kuichukia. Akalegeza uzi wa pili mpaka ikafa. G ikawa tamu. Lakini sasa B yake iko chini kwa senti 14. Akienda C, uzi huohuo freti ya kwanza unatoa C, na C hiyo lazima ipatane na C iliyo kwenye uzi wa tano freti ya tatu. Hiyo ni oktava, na oktava haivumilii hata kidogo. Akienda D, uzi wa pili freti ya tatu unatoa D, kando ya uzi wa nne ulio wazi ambao pia ni D. Oktava tena. Ugomvi tena. Akapandisha B ili kuiokoa C, mipwito ikarudi kwenye G, akadhani ameharibu. Wiki mbili alizunguka humo, kumbe masikio yake yalikuwa yakipima kwa usahihi ambao wengine hawaupati kwa miaka.

Mtu atauliza: mbona wazee wetu walityuni ala zao bila mgogoro huu? Kule Iringa Wahehe wana ligombo, ubao uliochongwa mfano wa kihori, uzi ukipita juu yake kwenda na kurudi. Majirani zao wa kaskazini, Wagogo, uimbaji wao na ilimba zao, ala za vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zinajulikana kwa kufuata milio ya asili, ileile ya mara 4, mara 5, mara 6. Ala za namna hiyo zinaweza kuachiwa utamu wote ambao sikio linautaka, maana hazilazimiki kutoka G kwenda C kwenda D kwenda E ndani ya wimbo mmoja, zikitumia uzi uleule kama mi hapa na kama do pale. Gitaa linalazimika, kwa sababu lina freti, na freti moja hukatiza nyuzi zote sita.

Na freti zenyewe zimeshalipa. Chukua gitaa lenye uzi wa milimita 650 kutoka juu shingoni hadi kwenye daraja, pale uzi unapokalia upande wa chini. Fa safi ya uzi huo iko robo ya urefu, milimita 162.5. Fundi, akifuata hatua 12 zinazolingana, anaweka freti ya tano kwenye milimita 163. Hiyo nusu milimita ndiyo senti 2 za deni. Jambo hili lina maana kubwa kwa anayetyuni: ukilinganisha uzi uliobanwa kwenye freti na uzi mwingine kwa sauti ileile au kwa oktava, unaweza kuua mpwito kabisa bila woga, kwa sababu freti imekwisha kukupigia hesabu.

Ndiyo sababu ile njia ya kwanza tunayofundishwa inafanya kazi: bana freti ya tano upate sauti ya uzi unaofuata, isipokuwa kutoka wa tatu kwenda wa pili unabana ya nne. Udhaifu wake ni mlolongo. Kosa dogo la uzi wa tano linarithiwa na wa nne, wa nne unamwachia wa tatu, na mpaka ufike wa kwanza umebeba makosa ya ukoo mzima. Njia nyingine inayopendwa, ya kulinganisha hamoniki (mlio unaotoka ukiugusa uzi bila kuubana) ya freti ya tano na ile ya freti ya saba kwenye uzi unaofuata, inasikika ya kitaalamu lakini mimi siifundishi tena. Hamoniki ni mlio safi usiolipa deni. Ukiua mipwito kwa njia hiyo, uzi wa tatu utafika umepungua kwa senti 6 karibu.

Ninayofundisha ni ya kurudi kwa A kila mara. Weka kwanza uzi wa tano. Ukiwa na uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili alichokibuni mpiga tarumbeta wa Uingereza, John Shore, mwaka 1711, ugonge gotini, bonyeza kitako chake kwenye mbao ya gitaa. Ule wa kawaida unatoa A ya mitetemo 440, kipimo kilichokubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Gusa uzi wa tano juu ya freti ya tano bila kuubana, upige, achia kidole: hamoniki yake nayo ni 440. Ua mpwito hapo.

Baada ya hapo uzi wa tano ndiye mwamuzi wa wote. Uzi wa sita, bana freti ya tano, linganisha na wa tano ukiwa wazi. Uzi wa nne, bana freti ya saba. Uzi wa tatu, bana freti ya pili. Zote mbili zilinganishe na hamoniki ya uzi wa tano kwenye freti ya 12. Uzi wa pili, bana freti ya 10, na wa kwanza, bana freti ya tano. Hizo linganisha na ile hamoniki ya 440. Kila uzi umeulizwa peke yake kwa shahidi mmoja, hakuna urithi wa makosa. Bana kwa wepesi. Kama gitaa lako nyuzi zimekaa juu sana ya shingo, kubana kwenye freti ya 10 kutauvuta uzi na kuupandisha, nawe utajikuta umeulegeza B bila sababu. Kwa gitaa la namna hiyo, linganisha uzi wa pili freti ya tatu na uzi wa nne ulio wazi. Ni D kwa D.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina neno. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, gitaa likitoka Uyole hadi mjini juu ya bodaboda, nyuzi za chuma zinajikunyata kwa baridi na sauti inapanda. Ukityuni hapohapo mlangoni, baada ya nusu saa ukumbi umejaa watu, nyuzi zimepata joto, zimelegea, kila kitu kimeshuka. Lifungue gitaa likae humo ndani robo saa kwanza, na ulipige kidogo ili mikono iupashe uzi. Masika, mbao hunyonya unyevu na kuvimba, nyuzi zinapanda taratibu siku hadi siku.

Na kabla ya yote, muulize mpiga kinanda. Niliwahi kufika kwenye harusi moja gitaa langu likiwa sawasawa, wimbo wa kwanza ukaanza, nikawa kama niko nyumba nyingine. Kumbe kinanda kilikuwa kimehamishwa nusu hatua juu kwa kitufe, kumsaidia mwimbaji. Nikaanza kukaza nyuzi kwa haraka mbele za watu, uzi wa kwanza, uliokuwa mzee tayari, ukakatika. Tangu siku hiyo naomba A ya kinanda kwanza, ndipo nagusa funguo. Kinanda hakikazwi, gitaa ndilo linalokifuata.

Yule kijana tuliifanya njia hii pamoja, jua likiwa linazama nyuma ya mlima Loleza. Uma wa sauti nilikuwa nao mfukoni. Alipomaliza uzi wa kwanza akapiga G, akakunja uso.

"Mwalimu, mbona sasa ina kitu kama mchanga ndani?"

"Uzi gani na gani?"

Akapiga wa tatu na wa pili peke yake. Akainamisha kichwa, akasikiliza mipwito ile ya haraka ikipungua nguvu mpaka uzi ukanyamaza. Akaipiga tena, safari hii midomo ikihesabu. Kisha akahamia C, na C ikakubali.

"Sasa nenda D," nikamwambia.